Begi Lililokwenda Matembezi

Wahenga walisema bandu bandu humaliza gogo. Mwalimu akiitaja methali hii darasani, wanafunzi hukimbilia kujibu kwamba ni sifa ya bidii: ukilibandua gogo kidogo kidogo, iko siku litakwisha. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya maneno. Anayebandua haoni gogo likipungua. Anaona kibanzi kilichomo mkononi mwake tu, na kibanzi ni kitu kidogo, hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa ajili ya kibanzi. Ndivyo watu wema wanavyomaliza vitu visivyo vyao huku wakicheka. Hadithi hii ni ya watu wema wa namna hiyo, na anayeisimulia hatajifanya hana hasira nao.

Palikuwa na mwanamke mshonaji wa sare za shule, ambaye mtaani wote walimwita Fundi. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata alipokuwa akipika. Hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kukipima mara mbili. Mumewe alikuwa mwalimu wa michezo, na siku za Jumamosi alichezesha mechi za mitaa, kwa hiyo wakamwita Refa. Huyu alikuwa mtu wa mzaha. Kila jambo aliligeuza mashindano: nani atamaliza kula kwanza, nani atafika mlangoni kwanza, nani atapiga chafya mara nyingi zaidi. Nyumbani alikuwapo pia mama yake Refa, mpishi mstaafu wa bweni, ambaye kicheko chake kilisikika hadi nyumba ya tatu. Wa nne alikuwa binti yao wa miaka sita, waliyempachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa.

Wakati huo Fundi alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba hiyo haikuwa jambo la mchezo. Alipojifungua Chiriku alitokwa na damu nyingi hata nusura aage dunia. Kundi la damu yake ni adimu, na siku ile ilitafutwa huku na huku yeye akiwa tayari haoni taa iliyo juu ya kitanda. Safari hii daktari aliandika yote kwenye kadi yake ya kliniki kwa wino mwekundu: kundi lake la damu, yaliyompata mara ya kwanza, na amri kwamba damu iwekwe tayari kabla hajajifungua.

"Kadi hii usiachane nayo," muuguzi wa kliniki alimwambia. "Ukiingia wodini bila kadi, tunaanza kukupima upya kama mgeni. Na damu ikianza kutoka, Mama, haingoji vipimo."

Fundi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Usiku huohuo alishona begi la kijani kwa vitambaa vilivyobaki kwenye sare, akalitia mfuko wa ndani wenye zipu kwa ajili ya kadi. Kisha akapanga vitu na kubandika orodha yake kwenye kifuniko: taulo mbili, shuka jeupe, vitambaa kumi na viwili vya nepi, gauni, kofia na soksi za mtoto, chupa ya chai, sabuni. Vile vitambaa kumi na viwili hakuvipitisha kwenye cherehani. Pindo zake alizishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, ili uzi usije ukamkwaruza mtoto.

Muuguzi alikuwa ametoa maagizo mengine mawili: Fundi atembee kila jioni ili mwili ulegee, na begi liwe karibu naye wakati wote. Ni maneno mawili ya busara. Yalipofika masikioni mwa familia hii yakawa balaa.

"Kutembea peke yake ni adhabu, si dawa," alisema mama mkwe akipiga makofi. "Twende sote! Huyu mjukuu wangu azaliwe akiwa ameshauona mji."

"Na begi nitabeba mimi," alidakia Refa. "Mwenye mpira ndiye mwenye mechi."

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya bustani ya mji. Walipofika walikuta nyasi zimenyeshewa. Kabla Fundi hajavuta pumzi, mama mkwe alikuwa amekwisha kufungua begi na kutandaza taulo moja chini.

"Mama, hiyo ni ya hospitali," alisema Fundi.

"Taulo ni taulo, mwanangu. Tutaifua. Njoo ukae, usisimame kama mlingoti."

Akakaa, maana miguu ilikuwa imemvimba. Hapo Refa akapata wazo, na mawazo ya Refa hayakuwahi kumletea mkewe nafuu. Kila mtu atabiri siku atakayozaliwa mtoto, na atakayekosa kwa siku nyingi zaidi afue nepi mwezi mzima. Lakini yataandikwa wapi? Refa alitia mkono ndani ya begi, akavuta zipu, akatoa kadi ya kliniki, akaigeuza nyuma na kuanza kuchora mistari kwa penseli.

"Baba Chiriku! Unaandika wapi?"

"Nyuma tu. Huku nyuma hakuna kitu."

"Hiyo ni roho yangu unayoichorea!"

Refa alimtazama mama yake, mama yake akamtazama Chiriku, wote watatu wakaangua kicheko. "Mwacheni jamani," alisema mama mkwe akifuta machozi ya kucheka. "Hizo ni hasira za mimba. Mimi nikiwa na huyu tumboni, baba yake alisema tu chakula kina chumvi, nikamrushia mwiko. Na chumvi kweli ilizidi!"

Kisa kile kilichekesha, na Fundi naye akacheka. Angejua, asingecheka. Maana tangu jioni ile familia ilipata dawa ya kila neno lake. Akikataa, ni hasira za mimba. Akinyamaza, ni hasira za mimba. Mtu mzima mwenye akili zake timamu, anayeweza kukata sare mia bila kuharibu hata kola moja, akageuka tumbo linalonung'unika.

Wiki iliyofuata walikwenda stesheni kutazama treni zikiingia. Chai ya nyumbani ilitiwa kwenye chupa ya hospitali, kwa kuwa ile ya nyumbani ilivuja. Karanga zilinunuliwa bila mfuko, zikawekwa ndani ya kofia ya mtoto. "Tazameni, kichwa chake kitakuwa kikubwa hivi!" alisema Refa akiinyanyua kofia iliyojaa. Treni ilipopiga honi, Chiriku akawa treni naye, akakimbia jukwaani akiitikia honi, na chupa ya chai ikapigwa teke. Ule mlio wa kioo kuvunjika ndani ya chupa Fundi aliusikia kifuani.

"Nitanunua nyingine," alisema Refa.

"Lini?"

"Kesho."

Kesho hiyo, kama kesho zote za Refa, haikufika.

Fundi alijaribu kujihami. Alilificha begi nyuma ya marobota ya vitambaa, Refa akalifichua akisema, "Muuguzi alisema liwe karibu, hukumsikia?" Akaomba basi begi libaki nyumbani, mama mkwe akashika kiuno: "Na uchungu ukikukuta njiani, mwanangu?" Maneno yaleyale yaliyotolewa kumlinda sasa yalitumiwa kumfunga mdomo. Fundi alifua taulo, akakung'uta kofia, akanunua sabuni nyingine baada ya ile ya kwanza kutumika kunawia mikono njiani. Kila alichorudisha jioni kilitoka tena kesho yake. Akarudi kwenye cherehani, akashona kwa kasi hata majirani wakadhani amepata kazi ya shule mbili.

Kisha ikaja siku ya kilimani. Juu ya kilima kile palikuwa na tangi la maji la mji na upepo mzuri, na Refa alikuwa ametengeneza tiara ya magazeti na vijiti ili Chiriku airushe. Fundi alipanda polepole, mkono mmoja kiunoni, akisimama kila hatua ishirini kuvuta pumzi. Wenzake walitangulia. Kutoka juu alisikia vicheko, halafu vigelegele vya mama mkwe, ndipo tiara ikaonekana angani ikicheza. Ilikuwa na mkia mrefu mweupe unaopepea.

Fundi alisimama. Mshonaji huijua kazi yake hata ikiwa mawinguni. Mkia ule ulikuwa wa vipande vyeupe vilivyofungwa fundo kwa fundo, na ukingoni mwa kila kipande kulikuwa na pindo la mkono, mshono mdogo mdogo.

Alimaliza kilima kile bila kupumzika. Walipomwona usoni, vicheko vilipungua.

"Ilikuwa haisimami bila mkia," Refa alianza. "Nimechukua sita tu. Vimebaki sita vingine."

"Umevirarua."

"Nitakununulia kitambaa—"

"Sitaki kitambaa!" alifoka Fundi, na Chiriku akaachia uzi kwa woga. "Kitambaa ninacho, nyumba imejaa vitambaa! Nilikaa siku ngapi nikishona pindo zile? Ulinikuta nikizishona, ukakaa pale mlangoni ukinitazama. Taulo mmekalia. Chupa mmevunja. Kofia ya mwanangu mmeifanya kikapu cha karanga. Hata kadi yangu mmeifanya ubao wa magoli! Mnafikiri lile begi nililipanga kwa ajili ya nani? Nilipanga kwa sababu naogopa kufa!"

Tiara, isiyo na mwenyewe, ilikwenda kunasa kwenye ngazi ya tangi. Ungedhani neno hilo la mwisho lingewaingia. Lakini mama mkwe alimshika Fundi bega kwa upole, kwa upendo wa kweli, akamwambia, "Pole, mwanangu. Zitapita. Hizo ni hasira za mimba."

Fundi aliutoa ule mkono begani mwake, akashuka peke yake.

Refa hakuwa mtu mbaya. Jioni ile moyo ulimsuta. Aliitoa kadi kwenye begi ili afute ile mistari ya mashindano, lakini kifutio cha nyumbani kilikuwa kinachafua kuliko kufuta. Kwenye meza yake ofisini shuleni alikuwa na kifutio kizuri. Akaikunja kadi, akaitia kwenye mfuko wa kifua wa shati lake la mechi, pamoja na filimbi na saa. Mfuko ule ndio uliokuwa kabati lake: kila alichoogopa kukipoteza alikitia humo, na kwa miaka kumi haukuwahi kumpotezea kitu. Alikusudia kuifuta Ijumaa aendapo mazoezini, airudishe kabla mkewe hajajua. Ijumaa akapata udhuru. Jumamosi akavaa shati lingine kwa kuwa timu zote mbili zilikuwa na rangi ileile ya shati lile, akahamisha filimbi na saa bila kuikumbuka kadi. Kufikia Jumamosi jioni alikuwa amesahau kabisa, na mtu wa namna ile akishasahau hulala usingizi mnono.

Jumapili walimwomba Fundi waende bwawani, matembezi ya mwisho kabla ya mtoto. Alikataa. Chiriku akalia. Refa akainua mkono kama aapaye mahakamani: "Begi halifunguliwi leo. Atakayeligusa namtoa uwanjani."

Kweli, siku hiyo hakuna aliyeligusa. Laiti wangeligusa! Walirusha vijiwe vikiruka juu ya maji, wakahesabu mapigo, wakabishana kama kuzama nusu ni pigo. Fundi alikaa kwenye benchi na uso umemkunjamana. Alasiri, akijaribu kuinuka, maji ya uzazi yalimtoka.

"Refa! Mama!"

Mama mkwe alitazama chini, akaruka, akapiga kigelegele. "Jumapili! Si nilisema Jumapili? Nimeshinda! Nepi hizo utafua wewe, Refa!"

Fundi alimtazama kwa macho ambayo mama yule hakuyasahau tena maishani.

Hospitalini waliingia kwa teksi baada ya nusu saa. Muuguzi wa zamu, mwanamke mfupi mwenye mikono mepesi, alimlaza Fundi kitandani, akalichukua begi na kulifungua juu ya meza mbele ya wote. Kilitoka kwanza kigunia cha uzi wa tiara. Kikafuata mpira wa Chiriku. Taulo moja ilikuwa na matope makavu, ya pili ilikuwa imekunjwa mbichi ikanuka ukungu. Kofia ilikuwa na maganda ya karanga ndani. Shuka halikuwepo. Nepi zilikuwa sita tu, na moja ilikuwa imefutia viatu.

"Hili ni begi la mzazi au la wavuvi?" aliuliza muuguzi. "Haya. Kadi."

Refa alivuta zipu ya mfuko wa ndani. Mlikuwa na penseli.

Alijipapasa kifuani, akakumbuka kwamba amevaa shati la Jumapili. "Iko kwenye shati langu la mechi," alisema. "Iko salama. Mama, lile shati la mechi liko wapi? Nikimbie nikaichukue."

Mama yake aliweka mkono mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika hadithi hii hakucheka.

"Nililifua jana," alisema. "Kwa maji ya moto. Nilikuta ujiuji wa karatasi mfukoni. Nilidhani ni makaratasi yako ya mpira. Nikautupa."

Kutoka kitandani Fundi alisikia kila neno. Aliyashika machuma ya kitanda, akangoja uchungu upungue, kisha akalitaja kundi lake la damu kwa sauti, na maneno ya daktari yote, moja baada ya jingine kama aliyekariri. Alikuwa amekariri kweli.

"Nakuamini, Mama," alisema muuguzi, naye tayari anamfunga mkono kutafuta mshipa. "Lakini maabara haitoi damu kwa neno la mdomo. Ofisi ya mafaili imefungwa, leo Jumapili. Lazima tupime, kisha tuitafute." Akamgeukia Refa na hasira zikamwaka: "Mngekuja na kadi, damu ingekuwa inashuka sasa hivi. Haya, tokeni nje! Nje wote!"

Kwenye korido palikuwa na benchi moja la mbao. Refa alisimama, hakuthubutu kukaa. Walisikia mlio wa mtoto, mkali, mzima, na mama mkwe akafungua mdomo kupiga kigelegele kisha akaufunga. Mlango ulifunguliwa, muuguzi akatoka mbio mikono ikiwa na damu hadi kwenye viwiko, akapotea upande wa maabara. Akarudi mbio mikono mitupu. Akatoka tena.

Chiriku alivuta suruali ya baba yake. "Baba, nani ameshinda?"

Refa alichuchumaa, akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti mbele za watu.

Damu ilipatikana. Ilifika baada ya robo saa iliyokuwa ndefu kuliko mechi zote alizochezesha, na ilimkuta Fundi midomo imebadilika rangi, lakini ilimkuta. Mtoto wa kiume alikuwa amefungwa shuka la kuazima, alilotoa mama wa kitanda cha jirani.

Kesho yake asubuhi waliruhusiwa kuingia. Fundi alikuwa ameegemezwa mito miwili, mweupe wa uso kama chaki, mtoto amelala kifuani pake. Refa alipiga magoti kando ya kitanda. Akafungua mdomo aseme.

"Usiseme kitu," alisema Fundi taratibu. "Leo nasema mimi. Nimekuwa nikisema wiki tano bila kusikilizwa."

"Apumzike kwanza," mama mkwe alimnong'oneza mwanawe. "Bado zile hasira za—"

"Za nini, Mama?" Fundi aliinua kichwa. "Mimba imekwisha. Mtoto huyu hapa. Hasira bado ninayo. Sasa mtasingizia nini?"

Mama wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani ili asionekane anasikiliza.

"Mngelichukua begi zima siku moja," Fundi aliendelea, "ningepiga kelele, mtaa mzima ungekuja, nanyi mngeona aibu. Hamkufanya hivyo. Wewe umechukua taulo, wewe nepi, mtoto amevunja chupa. Kila mmoja kidogo. Kila mmoja akacheka. Na kila nilipolia mlinipa jina la ugonjwa. Hakuna kati yenu aliyetaka nife, najua. Lakini jana nimelala hapa nikawa najiona nakufa, na aliyekuwa ananiua sikumjua ni nani." Akapumzika kidogo. "Muiteni dada yangu. Nikitoka hapa nakwenda kwake."

Akaenda kwa dada yake.

Siku ya tatu Refa alifika kwenye mlango wa nyumba hiyo. Dada mtu alimfungulia nusu. "Shemeji, mtoto utamwona, ni damu yako. Mke utamwona akitaka mwenyewe." Alimpa robota dogo: kitambaa cheupe kilichokatwa vipande kumi na viwili, sindano moja na kidonge cha uzi. "Anasema pindo la mkono. Kimoja kimoja. Na usimpe mama yako akushonee, mkeo atautambua mkono wake."

Refa hakuwahi kushika sindano. Cha kwanza alikishona siku nne, akajichoma vidole vyote vya mkono wa kushoto. Akakipeleka. Dada mtu aliingia nacho ndani, akarudi nacho baada ya muda: pindo lote limefumuliwa, uzi umekunjwa vizuri juu yake.

"Anasema mshono umekwenda kama mlevi."

Akashona tena. Kikafumuliwa tena. Mara ya tatu alitaka kuhamaki, akakumbuka robo saa ile, akakaa. Wiki zikapita. Walimu wenzake walimkuta wakati wa mapumziko ameinamia kitambaa cheupe, wakamtania, naye hakutania. Alianza kuelewa urefu wa pindo moja. Alipofika kona ya kwanza alikumbuka kwamba alirarua sita kwa dakika moja.

Mama mkwe naye alikwenda, na chupa mpya ya chai mkononi. Alisimama sebuleni kwa dada mtu bila kukaa. "Sikuja kukuchekesha, mwanangu," alimwambia Fundi. "Ulisema unaogopa kufa, nikakujibu upuuzi. Nilikosa."

"Nimekusikia, Mama," alisema Fundi. Alipokea chupa.

Mara ya tano Refa alileta kitambaa kilekile cha kwanza, kikiwa kimechakaa kwa kufumuliwa na kushonwa. Dada mtu aliingia nacho. Refa alikaa ngazini kungoja kirudi. Jua lilihama kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Kwa ndani mtoto alilia, akanyamazishwa. Hatimaye dada mtu alitoka, mikono mitupu.

"Kiko wapi?" Refa aliinuka.

"Amemfunga nacho mtoto."

Refa alitazama dirishani. "Kwa hiyo, Shemeji, nimesamehewa?"

Sauti iliyomjibu ilitoka ndani, kavu, ya mtu mwenye sindano mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumsemesha tangu hospitalini.

"Nani amekwambia? Bado kumi na kimoja."

Refa hakucheka, wala hakuuliza ni lini. Alikaa tena ngazini, akatoa kitambaa cha pili mfukoni, akatunga uzi. Kibanzi kwa kibanzi walikuwa wamemaliza begi la watu, tena wakicheka. Sasa alikuwa na hasira ya mkewe mbele yake, nene na ngumu, na chombo alichopewa ni sindano moja tu. Akaanza pindo, mshono mdogo mdogo. Bandu bandu humaliza gogo.